Ukurasa Ulioniachia

Korogwe, Jumatatu asubuhi

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeandika hiyo shikamoo nikakaa kidogo kungoja, mjinga mimi, eti nisikie lile jibu lako la kila siku: "Marahaba, umekula?" Hukuwahi kuitikia salamu bila kuuliza chakula. Sijala. Mama Neema wako ameniwekea chai na mihogo hapa barazani kwenu tangu saa moja, chai imeshatanda utando juu, nami nanyanyuka, nakaa, nanyanyuka tena. Mara mbili nimekwenda mpaka kwenye kaburi lako pale nyuma ya migomba, nikarudi bila kusema kitu. Mdomo umekataa. Labda mkono utakubali.

Leo ni wiki ya saba tangu tukuzike, na keshokutwa Jumatano ndiyo siku yenyewe. Seneti inakaa kupitisha mtaala mpya wa shahada yetu ya ugani wa kilimo. Ukishagongwa muhuri hakuna wa kuufungua tena mpaka miaka mitano ipite. Na ndani yake, Mwalimu, Somo la Mbegu halimo. Lile ulilolifundisha tangu mimi sijajua kusoma! Limefutwa kabisa, na sababu ya kulifuta imeandikwa kwa maneno yangu mimi, Zaina, mwanafunzi wako, halafu msaidizi wako, halafu sijui nijiite nani wako.

Umeondoka na mambo yanakwenda tu, hilo ndilo linaloniudhi. Ofisi yako wamempa kijana wa takwimu. Mtu mzuri, hana neno, ila ameiondoa ile meza iliyojaa vikopo vya mbegu akaweka printa. Vikopo nimevihamishia kwangu, chini ya kitanda, panya wananishukuru. Desa lako bado linauzwa kwenye vibanda vya fotokopi nje ya geti, lile la mwandiko wako, limepigwa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimevimba. Wanafunzi wanalimeza siku moja kabla ya mtihani, wanalitapika kwenye karatasi, wanavuka bila sapu ya kurudia mtihani, basi. Na fildi bado ni mwezi wa nane, wakati mashamba ya Handeni yamebaki mabua na vumbi. Tunawapeleka vijana wa watu kujifunza kilimo siku ambazo mkulima mwenyewe kaliweka jembe chini. Ulilisema hilo kwenye kila kikao. Kila kikao waliandika "limepokelewa", wakaendelea na maji yao ya chupa.

Lakini nazunguka. Ulikuwa ukiniambia, "Zaina, unazunguka mbuyu," nami nazunguka kweli. Wacha niseme. Hadithi yote unaijua, ila hujawahi kunisikia nikiisema kwa mdomo wangu.

Miaka minne iliyopita nilipewa kundi la wanafunzi niwapeleke Sindeni na kwetu Kwaluguru. Dodoso nililitunga mimi. Swali la kumi na moja: "Je, unatumia mbegu bora?" Ndiyo, hapana. Tuliingia nyumba kwa nyumba, tukasimama uani, tukauliza, tukajibiwa. Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Ndiyo, tena sana! Nikaweka tiki mpaka kalamu ikaisha wino. Nilifurahi, haki ya Mungu nilifurahi, niliona kwetu kumekucha. Nikarudi nikaandika kwamba karibu wakulima wote wa huku wanatumia mbegu bora, na kwamba kwa sababu hiyo somo la mbegu halina tena uzito liliokuwa nao zamani. Hiyo sehemu ya mwisho hakunituma mtu. Niliiongeza mwenyewe, kimbelembele tu.

Kumbe idara ilikuwa inatafuta nafasi kwenye ratiba iingize somo jipya la biashara. Ripoti yangu ikapokelewa kwa mikono miwili. Somo la Mbegu likafanywa la hiari, na la hiari unajua maana yake kwa mwanafunzi wa chuo: walisikia lina shamba la saa kumi na mbili asubuhi, wakalikimbia wote. Mimi nikasifiwa mbele za watu. Nikapewa ajira ya kudumu. Nilimpelekea mama kitenge, akaniombea dua.

Wewe peke yako uliuliza, "Umeona, au umeambiwa?"

Nilikasirika, sikufichi. Nilisema moyoni, mzee huyu ana wivu. Masika yalipoingia ukanichukua tukaenda Sindeni, matope mpaka kwenye vifundo, wewe na mabuti yako ya mpira, mimi na viatu vya ofisini. Tukabisha hodi kwa Bi Mwanahamisi, yule mama mjane ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha yangu. Ukaamkiana naye, ukaulizwa habari za Korogwe, ukapewa kigoda, ukanywa uji, ukavuta ungo ukaanza kumsaidia kuchambua kunde. Saa nzima hukuuliza swali hata moja, mimi naangalia saa yangu tu. Ndipo ukasema, taratibu, "Mama, binti huyu amenisifia mbegu zako bora. Naomba nizione."

Akatuingiza jikoni akanyoosha kidole juu. Pale juu ya mafiga, kwenye kichanja, mahindi yamening'inia mawili mawili, yamefungwa kwa maganda yake, meusi tii kwa moshi. "Hizi ndizo bora," akasema. "Nachagua mwenyewe shambani, bua lenye nguvu, hindi lililojaa mpaka ncha. Mama yangu alinipa, naye alipewa na mama yake." Ukamwuliza, na zile za kwenye mifuko? Akakushangaa kabisa. "Zile si mbegu za dukani?"

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Sisi tuliosoma, "mbegu bora" ni mfuko wenye lebo. Kwa Bi Mwanahamisi bora ni bora, kitu kizuri kupita vingine. Nilikuwa nimezunguka vijiji viwili nikiwauliza watu kama mbegu walizoachiwa na mama zao ni nzuri. Nani angesema mbaya? Na angalau ningekuwa mgeni! Mimi ni wa hukohuko, Mwalimu. Nimelala utoto wangu wote jikoni kwa bibi yangu Kwaluguru, chini ya kichanja cha namna ileile, masizi yananidondokea kwenye blanketi. Kulikuwa na njaa mwaka mmoja, nikanyoosha mkono nichome hindi moja, nikachapwa. "Hiyo ni mbegu bora, hailiwi!" Neno lenyewe hilohilo, nimelisikia kwa masikio yangu na kulilia. Halafu nikaenda chuo nikafundishwa kutolisikia.

Ulicheka, ukashika mwimo wa mlango, machozi yanakutoka. Hukunicheka mimi, nilijua. Ukanitania, wewe uliye Mshambaa, eti sisi Wazigua mgeni akituuliza jambo tunaitikia kwanza, kufikiri tunafikiri akishaondoka. Bi Mwanahamisi naye akacheka, akakuangulia hindi moja uondoke nalo. Tukafika Segera. Ukanunua machungwa, ukanimenyea moja, ukanipa. "Sasa andika," ukasema. Nikasema, "Nitaandika, Mwalimu."

Sikuandika.

Nilianza mara nyingi, naapa. Naandika mstari, nafuta. Nikifikiria ile ajira, nikifikiria kitenge cha mama, naweka kalamu chini. Nikajitia hamnazo. Wewe ukalipeleka jambo kwenye kikao cha idara mwenyewe, ukasema ripoti ile ina kasoro, watu warudi wakaulize upya. Mkuu wa Idara akasema, ripoti ni ya Zaina, naye ni mtoto wa Handeni, kama ina kasoro atasema. Watu wote wakanigeukia. Unakumbuka nilichosema? Nilisema, "Ripoti inajieleza yenyewe." Nikaanza kusoma maandishi kwenye chupa ya maji. Wewe ukafunga daftari lako polepole, ukatoka nje kupunga upepo. Hukunisema. Kesho yake uliniuliza kama nimekula.

Afadhali ungenitukana!

Halafu kiharusi kikakuangusha. Nilikuja hospitalini, mkono wako wa kulia umelala, mdomo umeenda upande. Ukaniita kwa mkono wa kushoto. Maneno yalikuwa yanakutoka kwa shida, neno moja linakugharimu pumzi tatu, na neno ulilolichagua lilikuwa, "Umeandika?"

Nikasema, "Nimeandika, Mwalimu."

Nilikudanganya. Neno hilo nimeliandika sasa hapa, lione. Nilikudanganya ukiwa kitandani, macho yako yananiangalia, ukatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyeridhika, ukafumba macho. Nilitoka pale nikajiambia nimempa mgonjwa raha. Uongo! Nilijipa raha mwenyewe.

Mwezi uliopita mama alinipigia kutoka Kwaluguru. Bwana shamba mpya, kijana wa chuo chetu, mmoja wa wale waliolikimbia somo lako, alikuwa amewaambia mwaka jana wavune mahindi ya mbegu za kwenye mifuko, wachague, waweke, wapande tena mwaka unaofuata. Mbegu bora ni mbegu bora, aliwaambia. Wewe kipindi cha pili tu ulitufundisha kwamba mbegu chotara ya dukani haiwekwi kupandwa tena. Mahindi yametoka vibibi, mapengo matupu, na mbegu yake ya zamani mama alishaila, kwa kuwa msomi kasema. Hata kulalamika hakulalamika. Alisema, "Ni kijana wenu, mwanangu, labda mvua." Nilikata simu nikakaa sakafuni.

Ndiyo maana nimekuja Korogwe. Nilitaka nimwombe Mama Neema msamaha, basi, niondoke, Jumatano nikajifungie na homa ya kusingizia. Kabla sijafungua mdomo akaniletea faili. Anasema uliagiza uletewe hospitalini, ukalipanga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ukasema, "La Zaina." Ni lile pendekezo lako la mtaala, lote. Somo la Mbegu mwaka wa kwanza, la lazima. Fildi ihamie masika. Mwanafunzi akae nyumbani kwa mkulima, wiki mbili za kwanza asiguse dodoso, achote maji, apalilie, asikilize watu wanaitaje vitu vyao. Mwalimu wake naye aende, asisimamie kwa simu.

Kwenye orodha ya yaliyomo, kwa mwandiko unaoyumba kama wa mtoto wa chekechea: "Uk. 14. Marekebisho ya ripoti ya Sindeni na Kwaluguru. Zaina." Nikafungua ukurasa wa kumi na nne. Mweupe. Namba tu chini, kwa penseli.

Nikamwuliza Mama Neema uliupanga lini. Akasema, "Siku ile uliyokuja kumwona, ulipotoka tu."

Kwa hiyo ulijua. Ulitikisa kichwa, ukafumba macho, na ulijua!

Nimesimama tena. Nimekaa. Chai nimeinywa, ya baridi, umeridhika? Faili liko mapajani, ukurasa uko wazi, kalamu hii ndiyo ninayoandikia barua hii. Naiacha barua hapa.



Segera, Alhamisi

Mwalimu, naendelea. Basi linalokwenda huko ninakokwenda halijafika, na kukaa kwenyewe siwezi, naandikia juu ya tenga la mama anayeuza machungwa. Ameniuliza kama naandika barua ya mapenzi. Nimemwambia ndiyo.

Jana niliitwa Seneti kama mwandishi wa ripoti, nijibu maswali yakitokea. Mkuu wa Idara alinishika kiwiko mlangoni, akaninong'oneza nisiharibu, watu wamechoka, wanataka kupitisha wakale. Nilikuwa na faili lako kwapani na mfuko wa rambo mkononi. Kwenye rambo kulikuwa na lile hindi la Bi Mwanahamisi. Nililikuta kwenye kopo lako kubwa, umelizungushia gazeti, bado jeusi, bado linanuka moshi wa jikoni.

Nilinyoosha mkono. Nikatoa hindi nikaliweka mezani, masizi yakachafua kile kitambaa chao cheupe, nikawaomba wajumbe kitu kimoja. Nikauliza swali la kumi na moja: je, hii ni mbegu bora? Ndiyo, hapana.

Jamani! Ungekuwepo ungeshika mwimo wa mlango. Profesa mmoja akasema hapana, waziwazi. Wa pili yake akasema inategemea bora kwa maana gani. Mama mmoja wa upande wa lishe akasema ndiyo, kwao Bumbuli wanazo, hazibunguliwi. Wa kwanza akamwuliza lebo iko wapi. Wakaingia kubishana, wakashikana, wasomi wazima, kila mmoja ana bora yake, mpaka Mwenyekiti akagonga meza. Akaniuliza, "Sasa wewe Zaina, hili jibu la ndiyo kwenye ripoti ulilipata vipi, kama sisi hapa tumeshindwa?"

Nikasimama nikasoma ukurasa wa kumi na nne. Ni mfupi. Kwamba niliuliza neno ambalo mimi na niliowauliza hatukuwa tunaelewana. Kwamba nilioneshwa kosa langu masika yaliyofuata, kwa macho yangu, jikoni Sindeni, nikanyamaza. Kwamba nilipoulizwa kikaoni nilikwepa, kwa kuogopa ajira yangu. Kwamba somo lilishushwa kwa maneno yangu na sasa linafutwa kwa maneno yangu, na nyumbani kwetu watu wameshakula hasara ya ujinga huo, akiwemo mama yangu mzazi. Mwisho niliandika kwamba marehemu Mwalimu alijua yote haya na aliniachia nafasi. Nililia mbele ya Seneti nzima, kamasi na kila kitu, sikuwa hata na leso.

Mtaala haukupita. Umerudishwa idarani. Wamesema Somo la Mbegu lirudishwe kwenye rasimu, la lazima, na idara iende Sindeni na Kwaluguru masika haya, ikae, ione, ndipo irudi mezani. Mambo ya fildi kuhama hayajaamuliwa, wanasema kalenda ya chuo ni ngumu. Tutaipigania. Mimi nimevuliwa uratibu wa fildi, na nina barua ya kujieleza, siku saba, kwa nini nisichukuliwe hatua. Huenda wakanifukuza. Mkuu wa Idara alinipita kwenye korido kama anayepita kiti. Ninaogopa, Mwalimu. Lakini jana nilikula wali sahani mbili.

Sasa naelekea Sindeni kumwambia Bi Mwanahamisi kile nilichoandika juu yake, na kumwomba mbegu kidogo za kumpelekea mama yangu. Ikibidi nitasubiri uji uive. Nitachambua kunde, saa sitaangalia, nimeivua iko kwenye mkoba.

Nakuahidi hivi. Wakiniacha chuoni, kila masika nitaingia na vijana kwenye majiko ya watu, na hakuna atakayeweka tiki kwa kitu asichokishika mkononi. Wakinifukuza nitayafanya hayohayo Kwaluguru, bila chuo. Vikopo vyako navihamisha kutoka kwa panya. Mama Neema nitamwona kila nikipita Korogwe, nitakula nitakachopewa.

Basi limeonekana kule, utingo kashaanza kuita. Mama wa machungwa kanimenyea moja, kaninyooshea mkononi hivihivi kama ulivyofanya wewe. Pumzika, Mwalimu wangu. Pumzika kweli, usihangaike tena kunisubiri. Ukiniuliza lile neno lako sasa, lile lililokugharimu pumzi tatu, nitakujibu nikikutazama.

Nimeandika.

Zaina wako